Umemeza Nini Kabla ya Kuja?

Sifa, mutoto wangu,

Umetoka hapa na kitenge chako kipya kwenda kuaga koko yako, na mimi namujua mama yangu: hatakuachilia mpaka umemaliza sahani mbili na umesikiliza tena namna alivyoshuka kutoka Masisi kwa miguu na ng'ombe mbele yake. Kwa hiyo niko na muda kidogo. Nimekaa kwenye meza ya kulia. Valise yako iko mbele yangu, imefungwa na kamba kwa sababu zipu yake ni takataka. Nilikuambia usinunue ile, ukanunua. Haya, tuachane nayo.

Kesho asubuhi motard anakuja na pikipiki kukuchukua, unaenda Kiwanja kuanza kazi. Mambo ya maji ya kuchemsha, ya kufunga dirisha, ya kutomwambia kila mutu wewe ni binti wa nani, mama yako ameyasema yote tangu Jumapili na mengine ameyarudilia. Mimi siongezi. Ukiona mwandiko wangu unatambaa, usinicheke. Kichwa kizito leo na mukono hautulii. Hata ule uji wa jioni sikuumaliza, nikasema ni tumbo, mama yako akanitazama kwa lile jicho lake na akaondoa kikombe.

Nataka kukuandikia juu ya lango la cabinet yetu ya meno. Hatujawahi kuliongelea, mimi na wewe. Tumepita pale kila siku kwenda kazini, miaka yote hii, unasukuma ule mulango wa chuma, mimi nafuata nyuma, na hakuna aliyefungua mudomo.

Kule Kiwanja wanakungoja kama munganga wa meno. Diplôme iko, ilipatikana kwa jasho, hakuna wa kukunyanganya. Lakini tunajua sote wawili kwamba tangu shangazi yako Vumilia alipokufa, hujaingiza koleo ndani ya mudomo wa mutu. Stage yako ya kujifunza kazi uliimaliza kwa kushika taa wakati wenzako wanang'oa. Hapa cabinet umechemsha vyombo, umeandika majina, umefariji watoto, umeshika mikono ya mama wenye kulia. Mutu akifungua mudomo, wewe unakumbuka kwamba pamba zimeisha, unatoka kutafuta pamba. Nilikuwa naona. Nilikuwa nazificha pamba zingine ndani ya kabati ili upate sababu ya kweli.

Kule hakuna wa kukufichia pamba. Utakuwa peke yako na kiti.

Ile corona ilipofika, shule yenu ya Bukavu ikafungwa, ukarudi nyumbani na vitabu vyako. Munganga mwenye cabinet akajifungia kwake, akawa ananipigia simu tu: urgences peke yake, wale wa haraka tu, usiguse mashine ya kutoboa, ile inarusha mate hewani. Hiyo ilikuwa sheria yake na ilikuwa na maana. Sheria ya homa ilikuwa yangu. Niliiandika mimi mwenyewe na rangi nyekundu kwenye kipande cha ubao wa kontreplake, nikaitundika langoni: MWENYE HOMA ARUDI NYUMBANI. Halafu nikakupa wewe ile thermomètre yenye umbo la bastola, nikakuweka pale nje na ndoo ya chlore ya kunawia.

Unakumbuka yule muzee? Hapa Katindo, karibu na camp ya wasoldat, unamulenga mutu usoni na kitu kama kile! Aliinua mikono yote miwili juu, akaacha fimbo yake ianguke. Wewe ulianza kucheka, kisha ukalia, kisha ukamuokotea fimbo na kumuomba pole. Kuanzia siku ile ulipima watu kwenye kifundo cha mukono. Hakuna aliyekufundisha. Nilisema moyoni, huyu atakuwa munganga kunipita mimi.

Sasa soma hii pole pole, usiiruke. Papa yako aliogopa. Mwenzangu tuliyesoma naye, yule mwenye kitambi aliyekuwa anakuletea bonbon, alikufa katika juma lile la kwanza kwanza, na tuliamini sote kwamba aliipata kwenye mudomo wa mugonjwa. Mimi kazi yangu ni kuinama juu ya midomo ya watu. Nilikuwa naamuka na jasho. Nilikuwa nanusa kidole changu kuona kama bado nasikia harufu ya sabuni. Mugonjwa akikohoa kule uani, ndani ya cour, nilikuwa narudi nyuma mpaka ukutani, na nilimuchukia, mugonjwa wa watu, asiye na kosa lolote.

Na kwa ajili ya ule woga nilitunga sheria ya mujinga. Wewe unajua, umeisomea: jino bovu likishuka ndani ya taya linatengeneza usaha, na usaha unaleta homa. Mutu mwenye maumivu ya jino bila homa anaweza kungoja. Mutu mwenye jino na homa hawezi. Mimi nikaweka lango la kuwapokea wale wanaoweza kungoja na kuwafukuza wale wasioweza. Nilijua hayo tangu mwaka wa kwanza wa masomo, Sifa. Nilijua, na kontreplake ikabaki pale.

Watu wa Goma nao si wajinga. Juma halikuisha, walikuwa wameshapata dawa ya lango. Yule mama wa duka la dawa ng'ambo ya barabara akaweka benchi. Mutu anakuja na homa yake, ananunua paracetamol na sachet ya maji, anameza, anakaa pale kivulini na kitambaa chenye maji kwenye paji, anapiga hadithi. Baadaye anavuka barabara akiwa baridi kabisa. Waliiita "kupoza paji." Motards waliwaimbia wagonjwa: "Umeshapoza? Panda basi!" Hata mimi nilicheka. Niliona ni ujanja wa watu wetu, wanajitafutia njia kama kawaida.

Sikufikiri maana yake. Mutu akiingia kwangu amepoza paji, amenificha alama moja. Na amevaa cache-nez, kile kitambaa cha kufunika pua na mudomo, kwa hiyo uvimbe nao umefichwa. Nilikuwa natibu midomo ambayo sikuiona, na homa ambazo zilikuwa zimelala kwa masaa machache tu.

Shangazi yako Vumilia, yaya wangu, dada yangu mukubwa, ndiye aliyenibeba mugongoni kule Masisi wakati koko yako anakamua ng'ombe. Alikuwa anaishi Lac Vert na biashara yake ya fromage, jibini za maziwa ya ng'ombe, unajua, zile fromage za duara alizokuwa anapanga kwenye meza mbele ya nyumba, anafunika na kitambaa cheupe, na ole wake mutu anayegusa bila kunawa. Alikuwa anacheka na kiganja mbele ya mudomo kwa sababu ya lile jino lake la mbele lililopinda. Nilimuambia mara ngapi nimutengenezee! "Mume wangu alinioa nalo," anasema, "ukilinyoosha hatanijua."

Alipokuja mara ya kwanza, nilikuwa ndani, dirisha wazi. Nilisikia yote.

Wewe ulisema, "Shangazi, iko inaonyesha homa. Papa alisema mwenye homa asiingie."

"Papa yako! Yule alinikojolea mugongoni, leo ananiwekea sheria?"

"Shangazi, naomba samahani. Hata mimi..."

"Hapana, mama yangu, usilie. Fanya kazi yako. Nitarudi ikipoa."

Na akapanda tena moto, ile pikipiki iliyomuleta, akarudi Lac Vert, njia ile yote yenye mawe, na taya lake linamugonga kila shimo.

Kiti changu kilikuwa kitupu, Sifa. Sikuwa na mugonjwa hata mumoja. Nilikuwa nimekaa nakunywa chai. Ungegeuka ungeniona kupitia dirisha, na ninafikiri uligeuka.

Jioni ile ile nikamupigia simu. Nilisikia aibu kidogo, ndiyo maana nilijifanya mchangamfu. "Yaya, kesho kabla ya kuja meza paracetamol mbili. Mutoto hataona kitu."

"Weye! Na ile sheria yako yenye rangi nyekundu?"

"Ile ni ya watu. Wewe si watu."

Alianza kicheko, akakikata katikati. Sasa najua kwa nini alikikata, taya lilimukataa. Siku ile nilifikiri ni réseau ya simu.

Siku iliyofuata ulimupima, ukafurahi, nilisikia sauti yako: "Shangazi, leo uko muzima kabisa, ingia!" Akaingia. Akaweka fromage kwenye meza yako, akasema ni ya mama yako, wewe usiiguse na hiyo chlore yako. Akakaa kwenye kiti. Mimi nilisimama kule kwenye ukuta, na aproni ya plastiki, na ile visière ya kwenye uso, mbali naye kama mwenye deni.

"Jino gani, yaya?"

Akaonyesha na kidole juu ya cache-nez. La chini, nyuma.

"Homa?"

"Sifa amepima. Hakuna."

Nikaamini. Homa ile nilikuwa nimemufundisha mimi mwenyewe namna ya kuificha, na asubuhi nikaamini kwamba haiko. Hapo ndipo akili yangu inakwama kila mara, mpaka leo, hata nikiwa napiga mswaki.

Akasema, "Papa Sifa, mate haishuki muzuri. Na ulimi ni kama mutu ameusukuma juu."

Sauti yake ilikuwa kama ya mutu mwenye kiazi moto ndani ya mudomo. Nilidhani ni kile kitambaa. Ningemuambia avue. Ningemutoa nje, penye upepo, nikamuambia vua cache-nez, fungua mudomo, inua kidevu, na ningeona. Shingo ilikuwa ngumu chini ya kidevu, upande na upande. Hata mutoto wa shule angeona. Sikumuambia avue. Nilikuwa naogopa pumzi ya dada yangu.

"Ni maumivu tu," nikasema. "Kunywa amoxicilline hii. Ikikaza, rudi kesho."

Kesho. Nilimuambia kesho.

Usiku ule pumzi ikamukwama. Jirani akamufunga nyuma yake kwenye moto, akamukimbiza hospitali, na siku zile mutu asiyepumua alikuwa na jina moja tu. Wakamupeleka kule kwenye hema za corona. Hakuna aliyeangalia jino. Yeye mwenyewe hakuweza tena kusema. Kulipokucha walinipigia. Munganga wa pale alikuwa kijana mwenye heshima, amechoka mpaka sauti imekwisha. Aliniambia, "Muzee, shingo yake ilikuwa kama ubao. Tumeona wakati wa kufunga mwili wake."

Tulimuzika tukiwa tumesimama kando ya barabara juu ya mawe meusi, mbali, watu wenye mavazi meupe wakamushusha ndani ya plastiki. Koko yako hakuruhusiwa kuona uso wa mutoto wake. Hapakuwa na kilio, hapakuwa na watu wa kulala nyumbani nasi, hapakuwa na hata chai ya kuwapa watu. Mama yako aliifungua ile fromage baada ya siku nyingi, ilikuwa imeota ukungu, akaizika nyuma ya nyumba. Alisema hawezi kuitupa kwenye takataka.

Na jioni ile ya maziko, Sifa, ulikuwa nyuma ya cabinet unaosha thermomètre. Uliiosha kwenye ndoo ya chlore mpaka namba zikaanza kufutika. Nikakuja kukuambia twende nyumbani. Ukasema bila kugeuka, "Ni mimi nilimurudisha."

Nikanyamaza.

Ungeniuliza miaka yote hii kwa nini nilinyamaza, ningekuambia ni uchungu. Bongo, uongo mutupu. Nilinyamaza kwa sababu maneno yako yalinifaa. Kulikuwa na kosa kubwa limesimama pale katikati yetu linatafuta mwenyewe, na wewe, musichana mudogo mwenye mikono inayonuka chlore, uliinua mukono ukasema ni langu. Nami nikakuachia. Nilitembea nawe mpaka nyumbani, nimekushika bega kama baba muzuri, na nilikuwa nimekuachia. Hili ndilo ninaloonea haya mbele ya Mungu kuliko hata jino lenyewe. Woga wa ugonjwa, kila mutu alikuwa nao. Hili lilikuwa langu peke yangu.

Kwa hiyo lirudishe. Sheria ilikuwa yangu, ujanja wa paracetamol ulikuwa wangu, mudomo ambao haukufunguliwa ulikuwa mbele yangu. Wewe ulipima mukono, ukasema ukweli ulioonyeshwa, siku zote mbili. Mutu pekee aliyefanya kazi yake sawasawa pale langoni alikuwa wewe. Nilipaswa kukuambia hivyo palepale kwenye ndoo.

Sikukuambia pia juu ya muke mumoja wa soldat, kwa sababu ulikuwa umesharudi Bukavu. Alikuja miezi kadhaa baadaye, corona bado ipo, kontreplake nimeshaichoma moto kupikia maharagwe. Alikuja amepoza paji, cache-nez mpaka chini ya macho, anatikisa kichwa tu bila kusema. Nikatoa benchi, nikaiweka nje ya cour penye upepo. Nikamuuliza jambo la kwanza kabisa, kabla hata ya jina: "Mama, umemeza nini kabla ya kuja?" Akaonyesha vidole viwili. "Saa ngapi?" Akaonyesha juu, pale jua lilipokuwa wakati anameza. Basi nikajua homa iko, imelala. Nikamuambia avue kile kitambaa.

Bwana wee. Shingo ya Vumilia ilikuwa imekaa pale mbele yangu, juu ya mwili wa mutu mwingine.

Mikono ilinitetemeka hivi kwamba yeye ndiye aliyenishika kifundo. Yeye mugonjwa! Nikampasua chini ya kidevu, nje pale, na usaha ukatoka, harufu ikawafukuza kuku wa jirani. Nikang'oa lile jino. Nikamufunga, nikamupeleka hospitali mimi mwenyewe kwenye moto, katikati yangu na motard, na kule langoni nikapiga kelele kama mwenda wazimu: "Ni jino! Andikeni jino! Si corona, ni jino!" Walidhani nimelewa. Alipona. Mpaka leo akinikuta sokoni ananisalimia "Papa Jino" mbele ya watu, na mimi nakasirika, na ninafurahi.

Woga haukuniacha siku ile, usidhani. Nilitapika nyuma ya cabinet baadaye. Ninachokuambia ni kwamba mikono ilifanya kazi ikiwa inatetemeka. Mimi nilikuwa nangoja itulie kwanza, miezi yote ile, na haikutulia. Nadhani hata wewe unangoja yako itulie.

Sasa kuna huu ugonjwa wa vipele, watu wameanza tena kusalimiana kwa viwiko, na yule mukubwa wako mupya wa Kiwanja alisema kwenye simu wameweka tena lango na thermomètre. Sawa, waweke, ni haki yao. Ila watu wa kule nao watajua kupoza paji, kama hawajajua bado. Mengine utayaona mwenyewe, una macho kunipita.

Bon. Nimefika hapa na naona ninazunguka. Nilipoanza kuandika nilikuwa nafikiri utaisoma barua hii Kiwanja, umefungua valise, umeikuta kati ya nguo. Nilikuwa nimepanga niiweke chini ya ile sweta ya kijani. Ningekuwa nimesema ya Vumilia, ningekuwa nimejisafisha roho, na wewe uko mbali, huwezi kunitazama. Ona sasa. Papa yako bado ni yule yule wa kwenye dirisha na kikombe cha chai.

Jana ulipita nyuma ya kiti changu ukaniwekea mukono kwenye paji, kwa mchezo, ukasema, "Papa, uko baridi, uko muzima, acha kuvaa cache-nez ndani ya nyumba." Nikacheka. Nikakuambia ni mafua, sitaki kukuambukiza kabla ya safari.

Hakuna mafua. Ni jino langu la mwisho, la chini, upande wa kulia. Lilianza kuuma juma lililopita, nikasema litapita. Tangu juzi limevimba, limeshuka chini ya taya. Ninameza paracetamol asubuhi, muchana, jioni, ile ya jioni nimeimeza kabla ya kukaa hapa, ndiyo maana ninaweza kuandika. Mudomo unafunguka vidole viwili tu, na cha pili kwa nguvu. Mate bado inashuka, ila inashuka na kisu. Nimejigusa shingo sasa hivi. Kulia ni ngumu. Kushoto bado laini. Nimegusa tena kushoto. Laini, lakini si kama asubuhi.

Kwa nini nilikuficha? Nilijiambia: motard ameshaitwa, kazi ya kwanza ya mutoto, akiona hivi hataenda. Hiyo ni kweli, lakini ni nusu. Nusu nyingine ni kwamba hapa cabinet kwa sasa tuko wawili tu, na mwenye cabinet ameuhama muji. Nikikuambia, itabidi ushike koleo. Na niliogopa kukuona unaenda kutafuta pamba. Niliogopa kusimama mbele yako na taya limevimba na wewe ukakumbuka pamba. Ningejua basi kwamba nilikuvunja kabisa siku ile ya ndoo. Nikaona heri kuumwa jino.

Niliandika pale juu kwamba kesho asubuhi motard anakuja. Nilikuwa nimewaza: basi nitamuambia kesho, kabla hajapanda, atanitazama haraka. Halafu nimeliona lile neno, kesho, na mukono wangu mwenyewe umeliandika tena. Hapana, Sifa. Sitangoja kesho.

Kwa hiyo barua haiendi Kiwanja. Ninaikunja, ninamupa mama yako, na yeye anavaa viatu sasa hivi kuikimbiza kwa koko. Nimemuonyesha shingo. Amenitukana matusi ambayo sikujua anayajua. Mimi ninatangulia cabinet, ni hatua chache, lakini leo motard wa hapa kona ananipeleka. Nitawasha groupe yetu ya umeme kama courant imekatika. Nitachemsha vyombo mimi mwenyewe, leo ni zamu yangu. Pamba ziko nyingi, zote zile nilizoficha nimezipanga mezani, hakuna pa kwenda kuzitafuta.

Ukiona imezidi nguvu ya cabinet, usijione umeshindwa. Unipandishe moto, twende hospitali, na wewe ukae karibu na kichwa changu, uwaambie ni jino. Sema kwa nguvu, maana mimi labda sitaweza. Na kama inawezekana pale pale, basi ni pale pale. Mikono itatetemeka. Iache itetemeke. Yule mugonjwa mwingine alinishika kifundo, na mimi nitakushika. Motard wa Kiwanja mwambie angoje, Kiwanja haihami.

Koko asikupe sahani ya pili. Inuka sasa.

Utanikuta nje, kwenye benchi, penye upepo, cache-nez nimeshaivua. Usiniguse paji, litakudanganya, bado liko baridi. Usiniamkie, usiniulize habari ya jioni. Simama mbele yangu kama munganga na uniulize nimemeza nini.

Papa yako